Kishawishi na Ukaribu wa Mungu: Tuliyoyasikia kwa Jirani Yetu Mkristo



Ndugu wasomaji, mtakumbuka kuwa mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima zilifuatana kwa karibu mno. Wengi wetu hapa Handsworth tuliuanza mwezi mtukufu tarehe 1 Machi, na wengine tarehe 2 (mabishano ya mwandamo tumekwisha kuyaandika mara nyingi katika kurasa hizi, leo tuyaache yapumzike). Siku chache baadaye, tarehe 5 Machi, jirani zetu Wakristo wakapakwa majivu kwenye vipaji vya nyuso. Ikawa katika safu moja ya nyumba, hawa hawali wala hawanywi mpaka jua lizame, na wale wa mlango wa pili wameacha nyama, au sukari, au pombe, hadi Pasaka. Ukuta ni mmoja wa matofali mekundu, na kila upande watu wanapigana na nafsi zao.

Makala haya yametokana na futari ya jioni moja ya mwezi huo. Yahusu kijana wa jamaa zetu ambaye jina lake hatutalitaja. Mama yake ameturuhusu tuandike, na kijana mwenyewe ameyasoma kabla hayajapelekwa kwenye mashine ya fotokopi.

Tukiri kwanza khofu yetu wenyewe. Tulipofika katika nchi hii, huyu kutoka Mombasa, yule kutoka Unguja, mwengine kutoka Bujumbura, jambo tulilolichelea sana juu ya watoto wetu lilikuwa ni kanisa. Handsworth ina makanisa kila pembe. Liko la Mtakatifu Maria, ambamo amezikwa James Watt, yule fundi aliyeitengeneza upya injini ya mvuke; yako ya Wabatisti na ya Wakatoliki; na yako ya ndugu zetu Wajamaika, ambayo Jumapili sauti za ngoma na vinanda hutoka nje mpaka barabarani. Ukishuka Soho Road utaikuta pia gurdwara kubwa ya Masingasinga, lakini hiyo hatukuiogopa. Tuliogopa kanisa. Watoto waliporudi shuleni tuliwauliza wameimba nini na wamepewa picha gani. Wala hatusemi kuwa khofu ile haikuwa na msingi, kwani mzazi ana haki ya kuilinda dini ya mwanawe. Bali wakati sisi tumeukodolea macho mlango wa kanisa, mwana akapita mlango mwengine.

Mlango wenyewe ulikuwa simu ya mkononi. Kijana huyu ana umri wa miaka 22, hufanya kazi ya zamu katika ghala, na alianza kubeti pauni mbili tatu za mpira pamoja na wenziwe wa kazini. Wazee wetu wakisikia kamari hufikiria yale maduka yenye vioo vikubwa barabarani, na mashine zake ambazo hadi mwaka 2019 mtu aliweza kutia pauni 100 kwa mzunguko mmoja wa sekunde 20. Serikali ilikipunguza kiwango hicho hadi pauni 2 tarehe 1 Aprili 2019. Lakini kijana wetu hakuwahi kuonekana dukani. Alikuwa chumbani mwake, mlango umefungwa, taa imezimwa, na mama yake akidhani mwanawe amelala.

Mama huyo ndiye kijumbe wa mchezo wa fedha wa kina mama wa mtaa. Kila mwezi hukusanya, na kila mwezi mmoja wao hupokea. Mwezi wa Februari, kabla ya Ramadhani kuandama, alifungua kopo la biskuti alimokuwa akizihifadhi fedha za wenziwe, akakuta noti za juu tu, chini karatasi. Aliyekuwa na zamu ya kupokea ni jirani yake, bibi wa Kinyankole wa Uganda, Mkristo, mwenye umri unaokaribia miaka 80.

Msomaji ataelewa uzito wa jambo hili bila sisi kulieleza sana. Fedha za mchezo hazina stakabadhi wala mahakama. Zina uso wa mtu tu. Mama alikwenda kwa jirani akamwambia kuwa fedha zitachelewa, na hakuweza kusema zaidi. Jirani hakuuliza. Akasema: "Mama, nikaribishe futari siku moja. Tangu niondoke Mombasa sijala viazi karai vya kweli."

Kiswahili chake ni cha Mombasa. Mumewe alikuwa mfanyakazi wa reli ya Afrika Mashariki, wakaishi huko hadi mwaka 1977, Jumuiya ilipovunjika na kila mtu akarudishwa kwao. Kwao wakati huo ilikuwa Uganda ya Idi Amin.

Basi jioni hiyo tulikuwa watu wanane katika sebule ndogo. Baadhi yetu tunaoliandaa jarida hili tulikuwemo, na alikuwemo mzee wetu mmoja, Mwislamu wa Ankole, ambaye wengi mnamfahamu kwa ukimya wake. Ilipoadhiniwa Magharibi tulifungua kwa tende, tukasali, kisha tukakaa kwenye uji wa pilipili manga, sambusa, mbaazi na mahamri. Bibi alikula viazi, akasukuma sahani ya nyama mbali kidogo, akaomba chai isiyo na sukari. Mtoto mmoja akamuuliza kwa nini. Akasema na yeye amefunga, ila mfungo wake ni mdogo.

Hapo mazungumzo yakaingia kwenye maneno. Sisi watu wa pwani, mtu akivutwa na uovu, husema ni mtihani, au ni wasiwasi wa shetani, au nafsi imemzidi. Bibi akatueleza kuwa kwao Waprotestanti husema majaribu, na Wakatoliki husema kishawishi, na kwamba neno hili limo katika sala yao wanayoisali kila siku. Hata wakubwa wao wamelijadili neno hilo. Papa Francis alisema mwaka 2017 kuwa tafsiri iliyozoeleka yaweza kumfanya mtu adhani Mungu ndiye anayemsukuma mja kwenye kosa, na Kanisa la Italia likabadili maneno yake mwaka 2020. Mzee wetu wa Ankole, ambaye hakuwa amesema kitu tangu kufungua, akasema: "Sisi tulikwisha kufundishwa chuoni kuwa shetani hana nguvu ya kumkamata mtu. Ana ulimi tu."

"Na ulimi wake ni mtamu," bibi akajibu. "Akija na pembe nani atamfuata?"

Kisha akatusimulia habari za Balokole. Twaona ni vyema tuifafanue historia hii kidogo, kwa kuwa wengi wetu tumeishi Afrika Mashariki miaka yetu yote bila kuijua, na hali imewagusa mamilioni ya jirani zetu.

Balokole kwa Kiganda ni waliookoka, na hapo mwanzo lilikuwa jina la kuwacheka. Mwezi wa Septemba mwaka 1929, juu ya kilima cha Namirembe mjini Kampala, Mganda aitwaye Simeon Nsibambi alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Gahini nchini Rwanda. Wote wawili walikuwa wamechoka. Waliona kuwa Ukristo umeenea, makanisa yamejaa, lakini watu huiba kama zamani, hulewa kama zamani, na Wazungu wa misheni huwadharau Waafrika kama zamani. Wakasoma na kuomba pamoja kwa siku kadhaa. Kutoka hapo, katika miaka ya 1930, ukaanza Gahini mwamko ulioenea Rwanda, Uganda, Kenya na Tanganyika. Wakubwa wa kanisa hawakuupenda wote. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha Bishop Tucker huko Mukono kwa sababu hawakukubali kunyamaza.

Mafundisho yao hayakuwa mageni kwa Mkristo. Matendo yao ndiyo yaliyoshangaza watu. Kila juma walikutana, wakubwa kwa wadogo, Mzungu na Mwafrika, mke na mume, na kila mmoja akasema wazi jinsi moyo wake ulivyokuwa tangu walipoonana. Hakusema tu kuwa yeye ni mwenye dhambi, kwani hilo kila mtu husema. Alisema: Jumatano nilidanganya mizani. Kisha akarudisha. Watu walirudisha ng'ombe, wakarudisha vitambaa vya shule, wakalipa kodi waliyoikwepa. Wakati wa Mau Mau nchini Kenya, katika miaka ya 1950, wengi wao walikataa kula kiapo na pia walikataa kuchukua bunduki za serikali, na baadhi yao waliuawa kwa msimamo huo.

Tulimuuliza bibi swali ambalo bila shaka na wewe msomaji unalo: je, kusema makosa mbele ya watu si kujivunjia sitara? Sisi dini yetu yatufundisha kuwa aliyesitiriwa na Mola wake asijifunue. Hatujakubaliana naye katika hili, wala hatuoni haja ya kujifanya tumekubaliana. Mwenyewe alikiri kuwa mambo yaliharibika pia. Wako waliofanya maungamo kuwa maonyesho, na wako waliotumia siri za wenziwe. "Lakini, wanangu," akasema, "kitu kilichokuwa kikitulinda hakikuwa kule kusema. Ni kujua kuwa Ijumaa itafika na mtu anayenipenda ataniuliza. Nikimwendea Mungu peke yangu gizani, mara nyingine namdanganya hata yeye. Nadhani namdanganya."

Kijana alikuwa amekaa karibu na mlango, akimimina chai. Hakuna aliyemtazama.

Bibi akaendelea na habari ya sufuria. Twaiandika kama alivyoisema, kwa ruhusa yake.

Alirudi Uganda mwaka 1977, mwaka ule ule ambao Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa, tarehe 16 Februari, pamoja na mawaziri wawili. Miezi michache baadaye ndugu yake bibi alichukuliwa na askari na hakurudi. Basi moyo wake ukajaa chuki. Hakuweza kumwendea Amin, lakini katika kijiji chao palikuwa na muuza nyama Mwislamu, mtu mpole, naye akaacha kumsalimu. Kila akiiona kofia yake, aliwaona wale askari. Akawa anakwenda kwenye sala za Ijumaa za Balokole, anaimba, anataja makosa madogo madogo ya ulimi na hasira, na hili kubwa halitaji, kwa kuwa hakuliona kuwa kosa. Aliona ni haki yake.

Mwaka 1979 Amin akapinduliwa. Katika sehemu nyingi za magharibi ya Uganda Waislamu wakaandamwa kwa kisasi, ingawa wengi wao walikuwa wameonewa na utawala ule ule kama wengine. Nyumba ya muuza nyama ikavamiwa. Yeye bibi hakuvamia. Alifika asubuhi ya pili, watu wakiwa bado wanachukua mabati na vitanda, na mtu mmoja akampa sufuria kubwa, akisema: hii yako, ya ndugu yako. Akaipokea.

"Niliipika mara moja," akatuambia. "Chakula kilikuwa kizuri tu. Msidhani kiligeuka uchungu mdomoni. Shetani si mjinga hivyo. Nilikula nikashiba, nikalala."

Ijumaa akaulizwa na mwanamke mwenziwe, mkulima asiyejua kusoma: hiyo sufuria umenunua wapi? Hapo ndipo alipolia. Wenziwe hawakumwambia kuwa Mungu amemsamehe, aende kwa amani. Walimwambia airudishe. Ilimchukua majuma matatu kumpata mke wa muuza nyama, ambaye wakati huo alikuwa mjane na amejificha kwa jamaa zake. Akaipeleka kichwani, mchana, watu wanaona.

Mzee wetu wa Ankole aliweka kikombe chini. Akamuuliza kwa lugha yao jina la kijiji, bibi akamjibu. Akauliza jina la muuza nyama, bibi akalitaja. Mzee akatikisa kichwa. Hakuwa wa ukoo wake. Wake waliuawa kwengine. Alikaa kitambo, kisha akasema kwa Kiswahili, ili sote tusikie: "Amin alijiita Mwislamu, nasi tukafa kwa jina lake. Mimi sikuwahi kurudishiwa hata kijiko." Bibi akasema, "Najua, kaka." Hapakuwa na zaidi, na sisi hatuwezi kuongeza.

Hapa yafaa tumtaje mtu mwengine, kwani bibi alimtaja kwa heshima kubwa. Festo Kivengere alizaliwa mwaka 1919 upande wa Kigezi, akaokoka katika mwamko huo mwaka 1941. Miongoni mwa mambo aliyoyafanya baada ya hapo ni kupanda baiskeli safari ndefu kwenda kumwomba radhi mmisionari Mwingereza aliyekuwa akimchukia moyoni. Alifundisha miaka kadhaa Dodoma, akakijua Kiswahili, hata mwaka 1960 Billy Graham alipohubiri Moshi yeye ndiye aliyekuwa mfasiri wake. Mwaka 1972 akawa askofu wa Kigezi. Luwum alipouawa, Kivengere na mkewe walitoroka usiku kwa miguu, wakavuka milima hadi Rwanda, na katika mwaka huo huo wa 1977 akatoa kitabu ambacho jina lake lasema kuwa yeye anampenda Idi Amin. Wenziwe wengi walikasirika. Aliulizwa angefanya nini lau angepewa bunduki na Amin amekaa mbele yake. Akajibu kuwa angempa Amin hiyo bunduki, kwa kuwa silaha hiyo ni ya Amin, si yake. Amefariki mwaka 1988.

Sisi Waislamu twaweza kusema kuwa dhalimu husimamishwa mbele ya sheria, na ni kweli. Lakini tusipitwe na jambo alilolitambua mtu huyu: kwamba mwenye kudhulumiwa naye ana kishawishi chake, na huenda kikawa kikubwa kuliko cha dhalimu, kwa sababu kimevaa nguo za haki. Hapa mlangoni petu tumeliona. Tarehe 10 Agosti 2011, wakati wa ghasia, vijana watatu Waislamu waliokuwa wakilinda maduka katika Dudley Road, Winson Green, jirani kabisa na Handsworth, waligongwa na gari wakafa. Mji ulikuwa tayari kuwaka baina ya watu wa asili ya Asia na watu weusi. Tariq Jahan, baba wa mmoja wao, Haroon, aliyekuwa na umri wa miaka 21, alisimama mbele ya umati, akawaomba watu watulie na warudi majumbani mwao. Alikuwa amemsaidia mwanawe akiwa chini barabarani saa chache tu zilizopita. Wakati huo ulikuwa mwezi wa Ramadhani.

Mtu hapati nguvu ya namna hiyo pale pale uwanjani. Huwa alikuja nayo. Tulipokuwa tukizungumza hivi mmoja wetu akakumbusha habari za Namugongo, karibu na Kampala. Wakristo wanaijua kwa ajili ya vijana waliochomwa moto tarehe 3 Juni 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga, na kila mwaka siku hiyo mahujaji humiminika huko kwa wingi. Mashahidi wao wanaohesabiwa katika mateso ya miaka ile ni 45, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Ni wachache wanaojua kuwa hapo hapo Namugongo, kiasi cha miaka kumi kabla, katikati ya miaka ya 1870, vijana Waislamu wapatao 70 waliuawa kwa amri ya baba yake Mwanga, Kabaka Mutesa wa Kwanza. Mutesa alikuwa akifunga Ramadhani na kusalisha watu, lakini hakutahiriwa, kwa kuwa mila ya Buganda haikuruhusu damu ya mfalme imwagike. Vijana wale wakakataa kusali nyuma yake na kula nyama ya mchinjaji wake. Wangeweza kula kipande kimoja wakanusurika.

(Wala tusijipambe kupita kiasi. Wafanyabiashara Waarabu wa pwani walikuwa miongoni mwa waliomtia Mwanga khofu juu ya Wazungu na dini yao, na kuanzia mwaka 1888 Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana wenyewe kwa wenyewe.)

Katika wale wa 1886 alikuwemo kijana aitwaye Mbaga Tuzinde, aliyelelewa na Mukajanga, mkuu wa wauaji wa Kabaka. Mukajanga hakutaka kumchoma mwanawe. Alimsihi aseme neno moja tu la kukana, au akubali kufichwa. Sisi wazazi tuitafakari picha hiyo: kishawishi kikubwa cha Mbaga hakikuwa moto, kilikuwa machozi ya mtu aliyemlea. Naye alikuwa amekwisha kujibu kabla hajaulizwa, kwani usiku kabla ya kukamatwa kwao Charles Lwanga, mkubwa wao, alikaa na wale vijana katika sala, akawabatiza waliokuwa bado hawajabatizwa. Hawakujua asubuhi italeta nini, lakini walikuwa pamoja.

Turudi sebuleni. Wageni walipoanza kuvaa makoti ili waende kwenye Isha na Tarawehe, kijana alimfuata bibi mlangoni. Sisi hatukusikia alichosema. Mama yake alisikia, na ndiye aliyetuambia: alisema, "Bibi, fedha zako ninazo mimi. Yaani sinazo. Nilizichukua mimi."

Baadaye tulimuuliza imamu wetu kama kijana alifanya sawa, kwa kuwa tulikuwa bado na wasiwasi wa ile habari ya sitara. Jibu lake lilikuwa fupi. Akasema toba ina masharti yake: kuacha, kujuta, na kuazimia kutorudia, na kosa likiwa ni haki ya mtu, toba haitimii mpaka haki irudi kwa mwenyewe au asamehe. Alizocheza kijana usiku zilikuwa baina yake na Mola wake, asizitangaze. Fedha zilikuwa za bibi, ilikuwa lazima amwendee. Tumeyapima maneno haya na ile habari ya sufuria, tukaona kuwa njia mbili zilizoachana mbali zimekutana kwenye kizingiti cha mwenye mali.

Kwa wazazi ambao jambo hili limewafika, na tunajua mko, yako mambo ya kufanya pamoja na dua. Uko mpango uitwao GamStop, bure, ambao mtu hujiandikisha mwenyewe ili kampuni zote za kamari za mtandaoni zenye leseni hapa zimfungie kwa miezi 6, mwaka 1 au miaka 5, na hauvunjiki kabla ya muda wake. Kampuni hizo zimelazimika kuufuata tangu mwaka 2020. Benki nyingi pia huweza kuzuia malipo ya kamari kwenye kadi ukiwaomba. Na kwa vijana walio chini ya miaka 25, tangu tarehe 21 Mei 2025 sheria imeweka kikomo cha pauni 2 kwa kila mzunguko wa mashine za mtandaoni. Kijana wetu alijiandikisha usiku ule ule, kwa simu ile ile, amekaa kwenye ngazi, na mdogo wake wa kike akimshikia kadi. Mtu asidhani hili ni upungufu wa imani. Nabii Yusuf, ambaye kisa chake wanacho pia Wakristo, alimwomba Mola wake msaada na papo hapo akaukimbilia mlango.

Mama aliuza bangili mbili ili mchezo usivunjike, na wanachama wengine hawakujua kitu. Bibi alikataa kuzipokea fedha za bangili. Alisema deni si la mama.

Tangu hapo kila Ijumaa, baada ya sala au baada ya zamu, kijana hupita kwake na pauni 20. Bibi ana daftari la shule lenye mistari, na humtaka kijana aandike mwenyewe tarehe na kiasi. Habari za fedha hamuulizi. Humuuliza ni siku gani ya juma ilikuwa ngumu. Mwezi uliopita kijana alijibu kuwa ilikuwa Jumanne, na juma hilo alikuwa amekuja mikono mitupu. Bibi akamwambia aandike sifuri, kisha akamtengea chai, yenye sukari, maana Kwaresima ilikwisha kitambo.